Ng'ombe wenu wanakula nini?

Jumapili jioni mdogo wangu alikuja kwangu Himbi, mtaa wa hapa Goma, na rafiki zake wawili, wakakaa kimya kama watu waliotoka kuzika. Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwanzoni mwa 2025, hao watatu wamekuwa wakimtumia binamu yetu wa Kampala akiba zao, naye akawanunulia hisa za kampuni moja ya maziwa huko nje. Dola 900 kwa jumla. Sasa bei imeshuka karibu theluthi moja kwa wiki tatu, na kila mtu ana dawa yake. Mmoja alitaka kuuza usiku huohuo. Wa pili alisema hii ndiyo saa ya kuongeza, maana hisa zimekuwa rahisi. Mdogo wangu hakutaka hata kuangalia bei. "Yaya, itapanda tu," ndiyo yalikuwa maneno yake; Yaya ndiyo mimi, mkubwa wake.

Mimi nauza maziwa na jibini ya Masisi, ile tunayoiita fromage, mwaka wa kumi na mbili huu. Hisa sijawahi kununua. Lakini niliwasikiliza nusu saa nzima, na hakuna aliyetaja ng'ombe hata mara moja. Hilo liliniudhi, nikawaambia.

Kiangazi kikianza Juni, malisho yanakauka na maziwa yanapungua. Hakuna mfugaji anayekwepa hilo. Mwaka mmoja mtu aliniletea bidoni nne, yaani madumu manne, mwezi wa Julai, kama alivyokuwa akileta nne mwezi wa Aprili. Wenzake wote walikuwa wameshuka hadi mbili. Nilichovya kijiti, nikadondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba, nikauinamisha. Maziwa yasiyoguswa hukaa kama ushanga, halafu huteremka polepole yakiacha mstari mweupe. Yale yalikimbia kama jasho: yalikuwa yametiwa maji. Nilikuwa nimeshajua kabla ya kudondosha: nyasi hakuna, maziwa yametoka wapi?

Ndipo nikawasimulia habari za Huishan, kampuni ya maziwa ya kaskazini mashariki mwa China, iliyouza hisa zake Hong Kong kuanzia 2013. Kwa kila dola ya mauzo ilikuwa ikitangaza faida kubwa kuliko wenzake, na sababu iliyotoa ni kwamba inajilimia alfalfa yake yenyewe, yale majani ya kulisha ng'ombe. Desemba 2016 wachunguzi wa Marekani waitwao Muddy Waters waliandika kwamba majani mengi yalikuwa yakinunuliwa kwa wengine, mengine yakitoka hadi Marekani, na kwamba hisa hizo thamani yake iko karibu na sifuri. Wachunguzi hao huweka dau kwamba bei itaanguka, na hupata fedha ikianguka kweli, kwa hiyo maneno yao ni ya kupimwa. Kampuni ilikana. Wenye hisa wengi wakabaki. Tarehe 24 Machi 2017, kabla ya saa sita mchana, hisa zilikuwa zimeanguka asilimia 85, uuzaji wake sokoni ukasimamishwa. Baadaye ikajulikana kwamba madeni ya benki yalikuwa yameikaba na mkuu aliyeshughulikia fedha hapatikani. Mwaka 2019 hisa zikaondolewa sokoni kabisa.

Yule aliyetaka kuongeza aliinamisha kichwa.

Basi tukafungua kwenye simu ripoti ya mwaka ya kampuni yao, tukatafuta chakula cha mifugo. Tulikipata: gharama imepanda karibu nusu, na sababu imeandikwa pale pale, ukame kwenye mashamba yao. Maziwa yamepungua, faida imepungua, nayo bei ikafuata. Kwangu mimi hiyo ni kampuni iliyoleta bidoni mbili mwezi wa Julai. Nilimwambia mdogo wangu asiuze kwa woga, wala mwenzake asiongeze hata dola moja kabla hatujajua inadaiwa kiasi gani na inatakiwa kulipa lini.

Wa kwanza atauza fungu lake hata hivyo. Ada ya shule ya watoto haingoji mvua ya watu wengine, na sikumlaumu.

Ukurasa wa madeni hatukuumaliza, simu ilizimika. Wanarudi Jumatano, na nimewaambia waje na chaji.