Chumvi inavyozima mwanga wa kwinini

Kwinini, dawa ya malaria, si kitu kigeni Bukavu: hutengenezwa humu mjini kutokana na magome ya miti ya kinkina. Taa ya urujuanimno nayo ipo kwa wabadilisha pesa, ile ya kukagulia dola. Hivyo viwili vinatosha kuona molekuli ikipoteza nishati bila kutoa mwanga.

Ponda kipande cha kidonge cha kwinini salfati, nusu ya punje ya mchele, kama miligramu 10. Koroga katika lita moja ya maji, kamulia ndimu moja, acha uchafu utuame. Ndimu si ya ladha. Bila asidi bluu hufifia. Jaza bilauri mbili, zima taa ya nyumba, mulika kwa ubavuni. Maji yanawaka bluu.

Sasa tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri moja, sukari katika nyingine, ukoroge. Ya sukari inaendelea kuwaka. Ya chumvi inakaribia kuzimika, na maji ni maangavu vilevile.

Kwinini iliyomeza mwanga hukaa na nishati hiyo takriban nanosekunde 19 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde) kabla ya kuitoa. Kwa molekuli huo ni muda mrefu: ioni za kloridi, chembe zenye chaji zitokazo kwenye chumvi, hupata nafasi ya kuigonga, na nishati inaishia kuwa joto majini. Kwinini yenyewe haikuharibika. Mimina sehemu moja ya maji ya chumvi katika sehemu tisa za maji ya kwinini yasiyo na chumvi: mwanga unarudi, ingawa si wote.

Hata bila chumvi hasara ipo. Katika asidi ya salfa hafifu, kati ya fotoni (chembe za mwanga) 100 zilizomezwa, kama 54 tu ndizo hutoka. Tena zinazotoka zimepungua nishati: unaingia mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 365, unatoka wa karibu 450, na wimbi refu hubeba nishati ndogo, yaani sehemu ya tano ya nishati imeishia kwenye mitetemo ya molekuli.

Ukikosa bluu, angalia taa kwanza. Nyingi za bei rahisi ni za nanomita 395, na hapo kwinini haimezi karibu chochote. Mwanga ukikaa upande wa taa pekee, kwinini imezidi; ongeza maji. Na kama chumvi haizimi kitu, shuku bilauri: sabuni ya unga ya kufulia huacha ving'arisha vinavyowaka bluu ileile.