Daktari wa meno aliyeisalimia Afrika

Nilikuwa nimelala kwenye kiti, mdomo wazi, pamba mbili shavuni, kile kimrija cha kunyonya mate kinakoroma chini ya ulimi, redio ya kliniki ikaanza kupiga wimbo ule. Besi nzito, sauti ya mwanamume anayeongea zaidi ya kuimba, halafu kiitikio kinachoisalimia Afrika na kuiuliza hali. Hello Afrika, wa Dr. Alban. Daktari wangu, mzee wa Kiswidi aliyebakiza miaka miwili astaafu, akasimamisha mashine yake hewani. Alitabasamu nyuma ya barakoa, nilijua kwa macho. Akasema, "Huyu alikuwa mwenzetu."

Mwenzenu nani? Nilitaka kumjibu, lakini nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi. Nikatoa "aaa" moja ndefu. Akadhani naumia, akaniongeza sindano.

Kwa upande wake alikuwa na haki. Dr. Alban hakujipachika udaktari kwa mbwembwe za jukwaani. Alban Nwapa alizaliwa Oguta, Nigeria, mwaka 1957, akaja Uswidi akiwa na miaka 23 kusomea meno. Ada na kula ni vitu viwili tofauti, kila aliyesoma ughaibuni anajua, kwa hiyo usiku alikuwa anapiga santuri kwenye klabu moja ya Stockholm iliyoitwa Alphabet Street. Muziki ukiwa unaenda, anashika kipaza sauti na kuchombeza juu yake. Watu wakaanza kuja kwa ajili ya yale maneno. Akamaliza chuo, akafungua kliniki yake, na u-DJ hakuuacha: mchana anaziba meno ya watu, usiku anawachezesha. Mwaka 1990 akakutana na Denniz PoP, DJ kama yeye, wa kundi la ma-DJ lililoitwa SweMix, kijana ambaye hakusomea muziki popote ila alikuwa na sikio la ajabu. Wakamwongeza Leila K, binti wa kurapu, na wimbo wa kwanza, huo Hello Afrika, ukatoka. Ukavuma Uswidi, ukashuka Ujerumani na Austria, na kliniki ikawa ndiyo kazi ya pembeni.

Mimi wimbo huo nilikutana nao Tanga, Ngamiani, sikukuu ya Idi mwaka 1991, kwenye disko toto. Nilikuwa na miaka 12, gauni jipya limekunjwa pindo kubwa ili linifae mpaka Idi tatu zijazo, viatu vinabana. Tanzania Bara hakukuwa na televisheni wakati ule, na redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo za namna hii zilitufikia kwa kanda. Huyu kanakili kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka kanda inafika Ngamiani ina mvumo kama wa mvua ya masika. Kaka yangu alikuwa nayo moja, kaiandika jina kwa wino mwekundu. Redio ikiila, anaivuta utumbo taratibu, anaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic, sisi wadogo tumekodoa macho kama tunamtazama daktari wa upasuaji.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga. Kile kiitikio kinachouliza "how you doin'" sisi tulikisikia "hau yu duni". Basi tukaimba hivyo uani, kwa sauti ya juu, watoto saba: Helo Afrika, telimi hau yu duni! Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa Mwalimu Nyerere mpaka kwenye mshono wa suti yake. Akatoka chumbani na gazeti mkononi. "Nani hapa kasema Afrika duni?" Kaka akajaribu kueleza kwamba ni salamu. Haikusaidia. Kanda ikataifishwa wiki mbili.

Na huyo mwimbaji tulikubaliana kuwa ni Mjamaika, kwa ile lafudhi. Wachache walisema Mmarekani. Hakuna aliyesema Uswidi. Uswidi sisi tuliijua kwa malori ya Scania, na kwa vile vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo wazo lake lilitoka huko. Ilikuwa nchi ya misaada na injini. Kwamba ina klabu, na ndani ya klabu kuna Mnaijeria anayeziba meno mchana, nani angekuambia?

Nilifika Göteborg, mji wa Uswidi, Novemba 2009 na cheti changu cha uuguzi kwenye bahasha ya plastiki. Nikaanza darasa la Kiswidi kama wote, kisha nikaingia nyumba ya kutunzia wazee, kazi ninayoifanya hadi leo. Mwaka wa tano hivi, mwenzangu wa zamu akatimiza miaka 50. Hapa hamsini ni sherehe kubwa, watu wanakodi ukumbi. Tumekula, zimeimbwa zile nyimbo zao za kunywea, hotuba zimeisha, DJ akaweka nyimbo za ujana wao. Ilipofika Hello Afrika ukumbi mzima ukapiga yowe. Watu wazima wenye vipara na miwani ya kusomea, mikono juu. Halafu wakanigeukia. Nilikuwa Mwafrika peke yangu mle ndani. Watu arobaini wamefanya duara, wananisalimia bara zima usoni, wananisubiri niitikie. Nifanyeje? Nikaingia kati, nikacheza kwa niaba ya Wamisri, Wazulu, Wamasai na wengine wote.

Usiku huo, kwenye tramu, nilicheka mpaka nikashuka kituo kisicho changu. Lakini kitu kikabaki kinanikereketa. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa Mdigo wa Ngamiani. Nilipokwenda Dar kusoma nikawa mtu wa Tanga, na utani wote wa watu wa Tanga nikaubeba. Uafrika sikuwahi kuuvaa hata siku moja. Ulikuwa neno la redioni na la hotuba za baba. Nilipewa nilipofika Göteborg, siku ya kwanza, kituo cha basi, na kibibi kimoja kilichoniuliza kama Afrika kuna baridi. Sasa mfikirie mtoto wa Oguta, Mwigbo, mwenye mto wake na ziwa lake na ukoo wake. Angeisalimu Oguta kwenye klabu ya Stockholm, nani angeitikia? Akachukua jina walilompa wenyeji, lile kubwa lisilo na mlango wala dirisha, akalipigia besi. Wapo wanaousema wimbo ule kuwa mwepesi, kwamba bara zima limesalimiwa kwa pumzi moja kama mtu anayepita kibarazani akasema "hamjambo nyote". Mimi naona ndiyo salamu pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Tena haikuwa miaka ya raha. Septemba 1991 chama kipya kilichojinadi kwa kupinga wahamiaji kiliingia bungeni hapa. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi Januari 1992, mtu mmoja alizunguka Stockholm na Uppsala na bunduki akiwapiga risasi watu wenye nywele au ngozi nyeusi: watu 11, mwanafunzi mmoja Mwirani akafa. Wenyeji walimwita mtu wa leza, kwa ile taa nyekundu ya kulengea. Mwenzangu yule wa zamu alinisimulia kwamba wahamiaji waliogopa kutoka jioni, na klabu hizo hizo bado zilikuwa zinapiga Dr. Alban mpaka alfajiri.

Huyo Leila K kwetu Göteborg ni mtoto wa mji, wazazi wake Wamoroko. Mwaka mmoja kabla ya Hello Afrika, akiwa na miaka 18 hivi, alitoa wimbo wake wa kwanza na vijana wawili, Rob'n'Raz. Uliitwa Got to Get, na ulipanda mpaka nafasi ya 8 Uingereza. Rapu ya Kiingereza kutoka kinywa cha binti wa Kimoroko wa Göteborg! Ukihesabu vizuri, ngazi ya muziki wa Uswidi uliokuja kutapakaa dunia nzima ina miguu yetu wahamiaji kwenye vipandio vya chini kabisa. Denniz PoP aliendelea na kundi la Ace of Base, watu wa mji huu huu, ambao kanda yao ya majaribio inasemekana ilikwama kwenye redio ya gari lake, akalazimika kuisikiliza kila siku mpaka akaipenda. (Kalamu ya Bic hakuwa nayo.) Alikuja kufariki mwaka 1998, miaka 35 tu. Dr. Alban mwaka 1992 alifika nafasi ya 2 Uingereza na It's My Life, ikisukumwa na tangazo la tamponi za hedhi, jambo ambalo namshukuru Mungu baba hakulijua.

Nyumbani kwangu Dr. Alban nimemtumia kama fimbo. Mwanangu ana miaka 17, anarapu kwa Kiswidi ndani ya kabati la nguo kwa sababu makoti yanazuia mwangwi. Nikamwambia rapu siikatai, ila mwangalie Dr. Alban, alimaliza meno kwanza. Akanitazama kwa huruma. "Mama, kuna mtu yeyote anayekumbuka jino alilolitoa?"

Sikuwa na jibu, mpaka siku hiyo kwenye kiti. Yupo anayekumbuka. Mzee yule, akiwa ananiziba gego, alinisimulia kwamba miaka ile, kila alipomjibu msichana swali la kazi gani unafanya, alikuwa anaongeza: kama Dr. Alban. Kazi yao ilikuwa haina sifa, alisema, watu wanawaogopa tu. Ghafla ikawa na mtu wa kuchezesha disko. Akamaliza kuziba, akaniambia niume karatasi ya bluu, nisile chochote hadi ganzi iishe. Hospitalini hapa mtu mzima hulipa kidogo, serikali ikabeba lililobaki. Jino unalibeba mwenyewe karibu lote. Nilivyoona bili, ganzi ilinitoka.

Si yote lakini. Nikiwa kituoni nasubiri tramu nikamtumia kaka ujumbe wa sauti, midomo bado imening'inia upande mmoja: "Kaka, hau yu duni?" Ndiyo salamu yetu tangu 1991.

Akajibu kabla tramu haijafika, nyuma yake nasikia bodaboda na muuza samaki.

"Duni kabisa, mdogo wangu. Gunia la mkaa limepanda tena. Na wewe mbona unaongea kama umelewa, mchana wote huu?"