Siku moja maishani mwangu: fundi rangi, mlango wa vioo 10 na gani (bunduki ya kupulizia rangi)

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye gani. Hewa ya Dar es Salaam ina maji mengi. Yakilala tangini huishia kwenye rangi na kuacha vitundu vya sindano.

Saa 1:20. Kitasa na bawaba vinatoka. Msasa namba 180, puti kwenye matundu ya misumari, kisha vumbi linapanguswa.

Saa 2:30. Kufunika vioo visipate rangi: hapa ndipo siku inapoliwa. Vioo 10 ni nyuso 20, kila uso dakika kama tano. Tepu inakaa ukingoni mwa kioo, ikiacha upenyo wa unywele ili rangi izibe pale ubao na kioo vinapokutana. Kona nakata kwa wembe; ukichana kwa mkono, rangi inapenya. Katikati karatasi ya kaki. Gazeti silitaki: thina, kimiminika cha kulainishia rangi, hupita, wino ukachapika kwenye kioo. Wapo wanaopaka vioo mafuta ya mgando badala ya tepu. Yakigusa ubao kidogo tu, rangi inayakimbia na kuacha vishimo.

Saa 4:30. Mlango unaning'inia kwa skrubu mbili ndefu za ubavu wa juu, pande zote zinafikika. Praima (rangi ya msingi), saa moja ya kukauka, msasa 320.

Saa 6:00. NC nyeupe (rangi ya nitroselulosi, hukauka haraka), thina kiasi sawa na rangi, imechujwa kwa soksi ya nailoni. Nozeli ya gani ni milimita 1.4, presha ya hewa psi (kipimo cha presha) 30 hadi 35. Mama ntilie jirani anaombwa ahamishe jiko kwanza. Thina haina utani na moto. Naanza na mbavu za vibao vya kati kwa mpulizo mwembamba, kisha nyuso zake, mwisho fremu kwa mpulizo mpana, gani ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka ubaoni, kila mstari ukila nusu ya uliotangulia. Ukisimama konani, rangi inalia machozi. Ukipulizia mbali, inakauka hewani na ubao unakwaruza.

Saa 7:00, mkono wa pili. Wingu likitanda nasimama: NC ikinasa unyevu inafubaa.

Saa 9:30. Wembe unapita mpakani, ndipo tepu ivutwe taratibu. Bila kukata, ngozi ya rangi inaifuata. Kitasa ni kesho. Rangi imekauka kwa kuigusa, lakini ukikaza skrubu leo inabonyea.