Sato wa kizimba waligoma kukua, kumbe ni mizani

Vizimba vya sato Ziwa Victoria, upande wa Jinja: chakula kinaelea bila kuguswa, uzito haupandi. Kuongeza chakula hakukusaidia, kubadili aina pia hapana. Tatizo lilikuwa kupima kila wiki. Samaki akiinuliwa hewani mwili humwaga kotisoli, homoni inayogeuza protini ya misuli kuwa sukari na kukata hamu ya kula. Kabla hajatulia, wavu umerudi.

Sasa napima mara moja kwa mwezi, alfajiri, baada ya kuwanyima chakula saa 24. Ndoo ya maji ya ziwa, chumvi gramu 5 kwa lita, inakaa juu ya mizani. Narudisha sifuri, ndipo samaki wanaingia. Wavu uchuruzike kwanza, la sivyo mizani inadanganya. Siku ile chakula kidogo tu. Kesho yake wanakirukia.