Mita sitini kutoka maji yapi?

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilitukimbia. Kwetu, pembezoni mwa Mwanza, mitumbwi ilikaa juu ya tope, na pale tulipojifunzia kuogelea pakaota mchicha. Wazee walilaumu ukame, wengine mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, ziwa linakotokea. Sisi vijana wa kujitolea tulijiona tuna dawa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tupime, tupande miti, basi.

Jumamosi moja tukashuka na kamba ya katani yenye fundo kila mita kumi, na miche ya mikuyu. Mimi nilishika ncha ya majini. Cheo hicho hakikugombaniwa. Kila mtu aliogopa konokono wa kichocho.

Fundo la nne likaangukia katikati ya bustani ya mama mmoja aliyekuwa akimwagilia kwa kopo.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, kisha nikamsomea sheria kama hakimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, hizo mita mmeanzia maji yapi?"

"Haya hapa, mayu."

"Haya ni ya mwaka huu." Akanyoosha kopo kwenye jiwe kubwa lililokuwa mbali nyuma yetu, lina mstari mweupe ubavuni. "Ya El Nino yalifika pale."

Kiongozi wetu akakohoa. Mama akaonyesha ukanda wa matete aliouacha kati ya matuta yake na ziwa. "Haya siyagusi. Mvua ikichukua udongo wangu, unanasa humo."

Asubuhi ile ile, hatua chache kutoka hapo, tulikuwa tumefyeka matete ili kamba yetu ipite imenyooka. Sikumwambia. Nadhani alishayaona.

Tulibishana hadi jua likawa kali. Nusu yetu wakapanda kwenye fundo la sita, kama sheria inavyosema. Sisi wengine tukabeba miche hadi upande wa juu wa lile jiwe, tukachekwa kwamba tunapanda mlimani. Matuta ya mama hatukuyagusa.

Mwaka 2020 ziwa lilipopanda kupita vipimo vyote vya zamani, nilirudi. Mikuyu ya fundo la sita ilikuwa majini hadi kiunoni. Nikalitafuta lile jiwe. Nililiona kisogo tu, na mstari mweupe uko chini ya maji.