Maji ya mchangani Tendaguru

Laki na themanini kwa kichwa, siku mbili, hema, chakula, maji na mtu wa kutuongoza, ndo tulivyokubaliana kwa simu kabla sijatoka Mtwara, na mi nikatuma hela yote maana Tendaguru, kule Lindi ilikochimbwa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, nilikuwa naitamani tangu nasoma shule ya msingi. Njia ya Lindi mpaka Mipingo ni vumbi na mgongo kuuma, basi.

Jioni tumeshapiga kambi naomba maji ya ugali, naambiwa dumu moja limetoboka njiani na lingine limebaki robo. Kumbe yalipakiwa mawili! Tuliahidiwa sita. Watu watano, pori la mwezi wa nane limekauka, mbung'o wanakuchoma juu ya nguo, na tulikuwa na mtoto wa dada'angu wa miaka tisa, midomo imeshapauka. Muongozaji ananiambia "dada vumilia, kesho tunarudi". Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Aliyetuokoa ni babu mmoja wa Kimwera tuliyemchukua kijijini atuonyeshe njia, ambaye kwenye ile laki na themanini zetu alipewa elfu tano. Akasema "mjukuu wangu, beba sufuria, nimulikie", tukashuka korongoni, mchanga mtupu. Akatembea anaangalia kingo, akasimama pale korongo linapokata kona chini ya mti wenye majani mabichi, akachimba kwa jembe, halafu kwa mikono, mpaka mkono wote ukazama na bado pakavu. Mi nilishakata tamaa. Yeye anachimba tu. Mara mchanga ukawa mweusi, tukakaa kimya, maji yakaanza kujikusanya polepole sana. Kata ya kwanza akaimwaga, ya pili akaimwaga, ya tatu ndo akaichuja kwa kanga yangu. Sufuria mbili zilitula karibu saa nzima, tukazichemsha, mtoto akanywa akalala.

Tukiwa pale shimoni nikawa nawawaza wale wapagazi. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa hapa, zaidi ya tani 200, na watu wetu wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, siku kama nne kwa miguu. Mjusi mwenyewe kasimama makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee. Mi nimekuta mashimo yameota nyasi. Yule mpagazi maji yake alibeba wapi, kichwani kuna mfupa?

Nyumbani Chikongola mama ana ndoo tatu za akiba nyuma ya mlango, haziguswi, na kila siku nilikuwa namgombeza zinaziba njia.

Asubuhi babu alituchimbia ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaichemsha na maji yaliyobaki, tamu kuliko chakula chote nilicholipia. Nilimpa elfu ishirini yangu akazikunja kwenye pindo la shuka. Hela ya madumu manne nimeidai, mpaka leo naambiwa kesho.