Siku tuliyotoa kontena la shangazi Kilindini

Shangazi yangu alifanya kazi ya unesi Uingereza miaka na miaka, na alipostaafu hakutaka habari ya kuzeekea kwenye baridi, akasema narudi Amu, yaani Lamu, na vyombo vyangu. Karibu kila mtu alimwambia auze kila kitu hukohuko aje na begi tu, manake ushuru wa Mombasa utammaliza. Akakataa, na mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo kwa sababu mtu akihamia huku sheria inamlinda. Ile sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu anayekuja kuishi kuingiza nguo na vyombo vya nyumbani bila ushuru, bora viwe vyake na awe amevitumia kule alikotoka, na mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe afike, ukichelewa unaomba kuongezewa muda. Kwa sisi wa kurudi nyumbani huangaliwa pia kama umekaa nje miaka miwili. Hata gari moja unaruhusiwa kama limekuwa lako na umelitumia mwaka mzima, ila shangazi aliposikia hilo alicheka sana, gari la kwenda wapi Amu, vile vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja lazima apishe.

Basi kontena la futi 20 likafika na sisi tukashuka Mombasa, bandarini Kilindini. Ejenti wa kwanza wa kutoa mizigo bandarini tuliyempata akatupigia hesabu ya mzigo wote kama bidhaa za duka, akasema mambo ya msamaha wa ushuru ni ya mabalozi. Mimi damu ilinichemka. Shangazi wala hakupandisha sauti, akafungua mkoba akatoa daftari, na hilo daftari wallahi ningependa kila mtu wetu aliye nje alione. Kila katoni ina namba yake, chini ya namba kuna orodha, sahani ngapi, shuka ngapi, kitu kilinunuliwa lini, na risiti zilizopatikana zimebanwa hapohapo. Halafu pasipoti zake, ya zamani na mpya, mihuri yote inaonekana, na barua ya kazini ya kustaafu. Akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuya kufungua duka, nimerudi kukaa kwetu." Tukaondoka tukatafuta ejenti mwingine, mama mmoja mtaratibu ambaye aliuliza kwanza pasipoti kabla hajauliza pesa.

Siku ya kukagua ndiyo siisahau. Afisa alikuwa kijana tu, akachagua mwenyewe katoni za kufunguliwa. Ya kwanza ikatoka sufuria kubwa ya pilau, kitako cheusi, mkono mmoja umefungwa waya. Akaigeuza akaitazama. "Mama, hii imefanya kazi." Shangazi akamjibu, "Hiyo imepika Idi zote nilizokaa kule, baba." Ikafuata cherehani, sindano bado ina uzi wa kijani na chini yake kumebanwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona kabla ya kufunga virago. Kijana akatia tiki akaenda mbele. Pale mambo yalipobadilika ni kwa mashine ya kufulia, ilikuwa mpya ndani ya katoni yake, tepu haijaguswa, na mablanketi ya zawadi za wajukuu yakiwa bado kwenye plastiki. Hivyo vyote akavitoa pembeni akasema vitalipiwa, havijatumika, na zawadi si vyombo vya nyumba yako. Shangazi akalipa bila ubishi, na mimi naona kijana alikuwa na haki kabisa, msamaha ni wa mtu kuhama si wa kununua vipya njiani. Vilivyobaki vyote vikapita.

Wazungu wanaokuja kustaafia Malindi nao wana haki hiyohiyo ya vyombo, ila wao waanze na kibali cha kuishi nchini, bila hicho hata daftari zuri namna gani halisaidii.

Kutoka Mombasa lori likapita Kilifi, Malindi, Garsen, tukangoja msafara wa polisi wa kusindikiza magari, Witu, mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu. Hapo lori limemaliza kazi yake. Mahamali wakashusha kila kitu hadi kwenye boti, tukavuka, na upande wa pili punda wakabeba katoni ndogondogo na friji ikabebwa na watu wanne wakipokezana, "pisha pisha" kichochoro kizima. Kochi ndilo lilotusumbua, halikukata kona ya ngazi hata tulifanyeje, mwisho likafungwa kamba likavutwa kwa nje mpaka darini, watoto wa mtaa wote chini wanapiga kelele, na shangazi kasimama katikati yao na daftari lake anakagua namba za katoni zinavyoingia mlangoni, hakuna hata moja iliyopotea.